Kadi za memori kwenye miradi ya elektroniki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi, mafundi na wale wanaojifunza Arduino, ESP32 na Raspberry Pi wenyewe nyumbani. Matatizo mengi yanayoulizwa hapa yana chanzo kimoja: dukani watu huchagua kadi kwa gigabaiti, ilhali maikrokontrola (kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja) inajali mambo matatu kabla ya kufika kwenye gigabaiti. Kadi inazungumza lugha gani, inataka volti ngapi, na imefomatiwa kwa mfumo gani wa mafaili. Ukiyajua hayo matatu, kadi ndogo ya bei ya kawaida itakufanyia kazi miaka.

SD, SDHC, SDXC na SDUC zina tofauti gani, mbona umbo ni lile lile?

Ni vizazi vya kiwango kimoja. SD ya kwanza ilitangazwa mwaka 1999 na kampuni tatu, SanDisk, Toshiba na Matsushita (ambayo leo ni Panasonic). Mwaka 2000 zikaunda SD Association, ambayo ndiyo inayosimamia kiwango hicho mpaka sasa. Kadi za kizazi hicho, siku hizi huitwa SDSC, zinaishia GB 2. SDHC ilikuja mwaka 2006 na inafika GB 32. SDXC ya mwaka 2009 inafika TB 2, na SDUC ya mwaka 2018 inafika TB 128.

Kwa anayeandika programu, mpaka mkubwa uko kati ya SDSC na SDHC. SDSC inahesabu anwani kwa baiti moja moja. SDHC na zilizofuata zinahesabu kwa vipande vya baiti 512. Ukitaka kipande cha kumi, SDSC lazima uitumie namba 5120, lakini SDHC unaitumia 10. Programu ya zamani isiyojua tofauti hii itaiomba SDHC namba 5120 na kadi italeta bila ubishi kipande cha 5120, ambacho hakina uhusiano wowote na ulichotaka. Hakuna kosa litakaloonekana kwenye skrini. Utaona tu mafaili yaliyovurugika.

Kati ya SDHC na SDXC hakuna mpaka wa namna hiyo. Amri ni zile zile na anwani ni zile zile. Kinachobadilika ni mfumo wa mafaili unaotarajiwa: SDHC huja na FAT32, SDXC huja na exFAT.

Kwa nini kadi yangu ya GB 64 inasoma kwenye simu lakini Arduino haiioni?

Jibu liko kwenye sentensi ya mwisho hapo juu. Kadi imetoka kiwandani ikiwa na exFAT, na maktaba ya SD (programu saidizi iliyoandikwa tayari) inayokuja na Arduino inajua FAT16 na FAT32 tu. Kadi yenyewe ni nzima.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuifomati upya kwa FAT32. Kwenye Linux tumia mkfs.fat, kwenye Windows dirisha la kawaida la kufomati halikupi FAT32 kwa kadi iliyozidi GB 32, kwa hiyo utahitaji programu nyingine ndogo ya kufanya kazi hiyo. Njia ya pili ni kuacha maktaba ya kawaida na kutumia SdFat, ambayo inaelewa exFAT. Kwa ESP32 upande wa ESP-IDF (zana za kuandikia programu za ESP32), exFAT imezimwa katika mipangilio ya awali, hivyo FAT32 ndiyo njia fupi.

FAT32 haikubali faili moja lizidi GB 4. Kwa kumbukumbu za sensa hilo halitakugusa kamwe; kwa kurekodi video litakugusa.

Basi ninunue ya ukubwa gani?

Piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Chukua kifaa kinachopima kina cha maji kwenye tangi kila dakika na kuandika mstari wa baiti 40. Kwa siku ni mistari 1,440, sawa na baiti 57,600. Kwa mwaka mzima ni MB 21 tu. Kadi ya GB 2 ingehitaji zaidi ya miaka 90 kujaa.

Ushauri wangu kwa miradi ya maikrokontrola ni SDHC halisi ya GB 8, 16 au 32. Inakuja tayari na FAT32 na maktaba zote za sasa zinaielewa. Kadi za GB 2 za SDSC bado zinapatikana, lakini nyingi ni mabaki ya zamani au bandia, na hazina faida yoyote kama programu yako ni ya miaka ya karibuni.

microSD na SD ya kawaida ni vitu viwili tofauti?

Kiumeme ni kitu kimoja, ndiyo maana ile adapta ya plastiki haina chipu yoyote ndani, ni nyaya tu. SD ya kawaida ina milimita 32 kwa 24 na pini 9. microSD ina milimita 15 kwa 11 na pini 8, kwa kuwa imepunguzwa pini moja ya ardhi. Ilianza kwa jina la TransFlash mwaka 2004, mwaka uliofuata ikaingizwa kwenye familia ya SD kwa jina la sasa. Katikati kulikuwa na miniSD, ambayo simu ziliitumia kwa muda kisha ikatoweka.

Kwa kutokuwa na chipu, adapta hiyo ni soketi nzuri ya dharura ya microSD: unailehemu waya kwenye pini zake na kuunganisha moja kwa moja na saketi ya volti 3.3.

Ile swichi ndogo ya LOCK pembeni inafanya nini?

Haijaungana na chochote ndani ya kadi. Soketi ndiyo inayoisoma swichi hiyo kwa kijiti chake, na programu yako ndiyo inayoamua kutii au kupuuza. Kama soketi yako haina kijiti hicho, au hukuiunganisha pini yake, data inaandikwa hata swichi ikiwa imefungwa.

MMC ni nini, na inaingiliana na SD?

MMC ni babu wa SD. Ilitoka mwaka 1997 kwa ushirikiano wa SanDisk na Siemens, ikiwa na pini 7 na unene wa milimita 1.4, wakati SD ina 2.1. Ndiyo maana MMC inaingia kwenye soketi ya SD, ila SD haiingii kwenye soketi nyembamba ya MMC.

Kadi zenyewe hutaziona madukani tena, lakini mtoto wake yuko kila mahali. eMMC, ile memori iliyolehemewa ndani ya simu, televisheni na kompyuta ndogo kama Compute Module za Raspberry Pi, ni MMC iliyofungwa katika chipu. Tofauti na kadi, eMMC ina njia pana ya biti 8, ina sehemu maalum za kuwashia mfumo, na haina hali ya SPI (lugha rahisi ya maikrokontrola, inayoelezwa katika swali linalofuata). Hivyo usijaribu kuiunganisha na Arduino Uno. Kwa kifaa kitakachofungwa juu ya mlingoti na kutikiswa na upepo, eMMC ina faida moja ambayo hakuna kadi inayoifikia: haina soketi ya kulegea.

SPI, SD ya biti 1, SD ya biti 4: nitumie ipi?

Kadi ya SD inajua lugha mbili. Lugha yake ya asili ina mstari wa saa (CLK), mstari wa amri (CMD) na mistari minne ya data (DAT0 hadi DAT3). Unaweza kutumia mstari mmoja wa data au yote minne. Lugha ya pili ni SPI, iliyowekwa makusudi kwa ajili ya maikrokontrola ndogo zisizo na vifaa vya ndani vya kuzungumza na SD. Katika SPI, CMD inakuwa mlango wa kuingizia data, DAT0 unakuwa wa kutolea, na DAT3 unakuwa CS (mstari wa kuichagua kadi: ukiwa chini, kadi inasikiliza).

Kasi zake ni hivi. Arduino Uno ina saa ya MHz 16 na SPI yake inaishia MHz 8, kwa hiyo hata ungekuwa na kadi ya ajabu kiasi gani, hupitishi zaidi ya MB 1 kwa sekunde, na uhalisia uko chini ya hapo. SPI ya MHz 25 inafika karibu MB 3. SD ya biti 4 kwa MHz 25 inafika MB 12.5, na kwa MHz 50 inafika MB 25.

Kwa sensa, GPS au kumbukumbu za matukio, SPI inatosha na inabaki. Kwa picha za kamera au sauti ya ubora wa juu, tafuta bodi yenye SD ya asili: ESP32 ya kwanza na ESP32-S3 zinayo, STM32 nyingi zinayo, na Teensy 4.1 imeshafungiwa soketi ya biti 4. RP2040 ya Raspberry Pi Pico haina kifaa hicho, ingawa watu wameiandikia kwa kutumia PIO yake (sehemu ya chipu inayoweza kuprogramiwa kuiga lugha kama hizi) na inafanya kazi.

Angalizo kwa SDUC: usitegemee SPI. Kadi hizo zimeundwa kwa vifaa vikubwa.

Nini hasa hutokea kadi inapowashwa? Yangu inakataa kuanza.

Inafaa kulifahamu hili kwa undani, kwa sababu kosa la "kadi haikuanza" karibu kila mara linatokea katika hatua hizi.

Kadi inaamka ikiwa katika lugha ya SD, haijui kama upande wa pili kuna SPI. Programu inaanza polepole, kati ya kHz 100 na 400. Inaweka CS juu na kutuma mapigo ya saa yasiyopungua 74 bila amri yoyote, ili kadi ijiandae. Kisha inashusha CS na kutuma amri ya CMD0, yenye CRC (namba ya kuhakiki) ya 0x95. Kadi ikiona CMD0 huku CS iko chini, inaelewa kuwa inatakiwa kuzungumza SPI, na inajibu 0x01, maana yake "niko, nimepumzika".

Hapo inafuata CMD8 yenye namba 0x1AA na CRC ya 0x87. Kadi za SDHC na zilizofuata zinairudisha 1AA ile ile kama ushahidi kwamba volti inakubalika. Kadi ya zamani inajibu kuwa haiifahamu amri hiyo, na jibu hilo nalo ni taarifa: unajua una SDSC ya kizazi cha kwanza au MMC. Baada ya hapo unarudia CMD55 ikifuatiwa na ACMD41, tena na tena, hadi jibu ligeuke kutoka 0x01 kuwa 0x00. Kwa SDHC lazima ACMD41 ibebe biti ya HCS (0x40000000), inayoiambia kadi kuwa programu yako inaijua SDHC. Ukiisahau, kadi itabaki inasubiri milele. Mwisho CMD58 inasoma rejista ya OCR, na biti yake ya 30 inakuambia kama anwani ni za baiti au za vipande.

Ukipata 0xFF kwenye CMD0, kadi haijajibu kabisa: angalia waya, umeme na CS. Ukipata 0x01 lakini ACMD41 haiishi, tazama HCS, kisha tazama umeme.

Kuna jambo jingine linalowasumbua watu wakati wa majaribio. Kadi ikishaingia SPI haitoki mpaka izimwe umeme. Ukibonyeza reset ya Arduino katikati ya kuandika, Arduino inaanza upya lakini kadi bado iko katikati ya kazi yake ya zamani. Kabla hujabadilisha mstari wowote wa programu, chomoa umeme kabisa, hesabu sekunde chache, rudisha.

Uno yangu ni ya volti 5. Nikiunganisha kadi moja kwa moja itaungua?

Kadi za SD zinafanya kazi kati ya volti 2.7 na 3.6. Baadhi zitavumilia volti 5 kwenye mistari kwa muda kabla ya kufa, na uvumilivu huo ndio unaowadanganya watu. Usifanye. Tumia moduli yenye chipu ya kubadilisha volti, au tumia bodi ya volti 3.3.

Umeme wenyewe nao ni tatizo. Kadi ikiandika inaweza kuvuta miliampea 100 na zaidi, huku pini ya 3.3V ya Uno R3 ikiwa imepangiwa miliampea 50. Kadi itaanza vizuri, itasoma vizuri, halafu itaanguka mara tu unapoandika. Weka regyuleta ya volti 3.3 inayojitosheleza, pamoja na kapasita ya maikrofaradi 10 na nyingine ya nanofaradi 100 karibu kabisa na soketi.

Kadi inafanya kazi peke yake, lakini nikiongeza skrini au redio kwenye SPI hiyo hiyo vyote vinagoma.

Itazame moduli yako. Zile za bei nafuu zinazouzwa kila mahali, ziwe za Kariakoo, Luthuli au za kuagiza mtandaoni, mara nyingi zina regyuleta ya AMS1117 na chipu ya 74LVC125A. Chipu hiyo ina milango minne, na kila mlango una pini ya kuufungulia. Kwenye moduli nyingi za aina hii pini hizo zimeunganishwa moja kwa moja na ardhi, yaani milango iko wazi saa zote. Matokeo yake, hata kadi ikiwa imenyamaza na CS iko juu, moduli inaendelea kuushikilia mstari wa MISO (unaoleta data kutoka kwenye vifaa kwenda kwenye bodi), na kifaa kingine hakipati nafasi ya kusema.

Dawa ni kununua moduli nyingine isiyo na chipu hiyo na kuitumia na bodi ya volti 3.3, au kuipa kadi SPI yake peke yake. Mwenye mkono mzuri wa kulehemu anaweza kukata njia ya pini ya mlango wa MISO na kuiunganisha na CS.

Hata kwa moduli nzuri, fanya mambo mawili. Weka rezista ya kilo-om 10 kati ya CS ya kila kifaa na 3.3V, ili vyote vinyamaze wakati wa kuwasha, na anzisha kadi kabla ya vifaa vingine. Pili, jua kuwa kadi haiachii mstari wake papo hapo CS inapopanda. Inahitaji mapigo manane zaidi ya saa. Maktaba nzuri zinayatuma, uliyoiandika mwenyewe huenda haitumi.

Nina ESP32-CAM. Kwa nini taa inawaka kila nikiandika kwenye kadi, na wakati mwingine bodi haiwaki kabisa?

Soketi ya bodi hii imeungwa kwa SD ya biti 4 (GPIO ni pini za chipu): CLK ni GPIO14, CMD ni 15, DAT0 ni 2, DAT1 ni 4, DAT2 ni 12 na DAT3 ni 13. GPIO4 ndiyo hiyo hiyo inayowasha ile taa nyeupe kali. Kila data ikipita DAT1, taa inamweka. Ukiianzisha kadi kwa biti 1, kwa kuandika SD_MMC.begin("/sdcard", true), GPIO4 inaachiwa na taa inatulia.

Kugoma kuwaka kuna sababu nyingine. ESP32 inapowashwa inaitazama GPIO12 ili kuamua volti ya chipu yake ya flashi. Ikiiona iko juu, inachagua volti 1.8, wakati flashi inataka 3.3, na bodi inakwama. Mstari wa DAT2, kwa kanuni za SD, unatakiwa kuvutwa juu kwa rezista. Unaona mgongano. Ukiwa unajiundia saketi yako, usiweke rezista hiyo kwenye GPIO12 na utumie biti 1. Ipo pia amri ya espefuse.py ya kuifunga volti iwe 3.3 daima. Inafanya kazi, lakini inachoma fyuzi ndani ya chipu na hairudishwi nyuma, kwa hiyo soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

C10, U3, V30, A1, A2: alama hizi zina maana kwangu?

C, U na V zote zinapima kitu kimoja, kasi ndogo kabisa ya kuandika mfululizo. C10, U1 na V10 ni MB 10 kwa sekunde. U3 na V30 ni MB 30. Ziliwekwa kwa ajili ya kamera za video. Kwenye Uno inayopitisha chini ya MB 1, kulipia V30 ni kutupa pesa.

Alama ya A ni habari nyingine. Inapima idadi ya usomaji na uandishi mdogo mdogo wa hapa na pale, ambao ndio maisha ya mfumo wa kompyuta. A1 inaahidi usomaji 1,500 na uandishi 500 kwa sekunde. A2 inaahidi 4,000 na 2,000. Lakini A2 inafikia ahadi yake pale tu kifaa kinapojua kupanga foleni ya amri. Raspberry Pi 5 inajua. Kwa Pi za kabla yake, A1 ya kampuni inayoaminika inatosha.

Alama za I, II na III, yaani UHS, ni kasi ya njia yenyewe. UHS-I inaishia MB 104 kwa sekunde. UHS-II inaongeza safu ya pili ya pini, ambazo soketi yako ya kawaida haizigusi, na kadi itafanya kazi kama UHS-I au chini ya hapo.

Umeme ukikatika kadi inaharibika. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu alisome kabla ya kufunga kifaa chake shambani. Tazama kinachotokea kwenye FAT unapoongeza mstari kwenye faili. Data inakaa kwanza kwenye kihifadhi cha baiti 512 ndani ya maikrokontrola. Kikijaa, kinaandikwa kwenye kadi. Lakini ukubwa wa faili umeandikwa mahali pengine, kwenye orodha ya folda, na orodha hiyo haisasishwi mpaka uite flush() (kulazimisha kuandika) au close() (kufunga faili). Umeme ukikatika kabla ya hapo, data ya saa nzima inaweza kuwa iko kwenye kadi kimwili, na bado kompyuta ikaonyesha faili la baiti 0.

Kuita flush() kila mstari si jibu zuri. Kila mara unaandika kipande cha data, kipande cha orodha na pengine jedwali la FAT, na unarudia sehemu ile ile ya kadi maelfu ya mara kwa siku. Amua ni dakika ngapi za data unaweza kuvumilia kupoteza, kisha flush kwa kipimo hicho. Kwa tangi la maji, kila dakika kumi ni sawa. Anza faili jipya kila siku, ili likivurugika moja yabaki mengine.

Kinga bora ni ya umeme. Pima volti ya kuingilia kabla ya regyuleta. Ikianza kushuka, acha kusoma sensa, funga faili, kisha subiri. Kapasita kubwa au betri ndogo inatakiwa kukupa muda wa kutosha, na kanuni inairuhusu kadi kuwa na shughuli hadi milisekunde 250 kwa uandishi mmoja (500 kwa SDXC). Pigia hesabu muda huo, usipigie hesabu ule uliouona mezani siku kadi ilipokuwa mpya.

Kwa Raspberry Pi inayofanya kazi moja tu, washa Overlay File System kwenye raspi-config (programu yake ya mipangilio). Kadi inabaki ya kusomwa tu, na mabadiliko yote yanakaa kwenye RAM. Data unayotaka kuihifadhi ipeleke kwenye sehemu nyingine au itume nje.

Kwa nini sensa zangu zinaruka vipimo kadi inapoandika?

Ni zile milisekunde 250. Kadi ina kontrola yake ndani; mara kwa mara inasimama kufuta vipande na kuhamisha data, na wakati huo inaushikilia mstari wake chini kuashiria iko na kazi. Ukipima mara 1,000 kwa sekunde, tayari umekosa vipimo 250. Tumia vihifadhi viwili: kimoja kinajazwa kwa interapti (ishara inayokatiza programu kwa muda), kingine kinaandikwa. Uno yenye baiti 2,048 za RAM, ambazo 512 zimeshachukuliwa na maktaba ya SD, haina nafasi hiyo. Kwa kazi ya haraka chukua ESP32, STM32 au Teensy.

Kadi inasoma vizuri lakini faili langu halifunguki.

Jina ni refu. Maktaba ya kawaida ya Arduino inakubali herufi 8, nukta, na herufi 3. "vipimo_vya_leo.csv" litakataliwa, "LEO.CSV" litakubaliwa. SdFat haina kikomo hicho.

Nitajuaje kadi ni feki?

Kadi feki haikatai kuandika. Kontrola yake imedanganywa iseme ina GB 64 wakati chipu ndani ni ya GB 8. Orodha ya mafaili inakaa mwanzoni mwa kadi, sehemu ambayo ni halisi, hivyo majina na ukubwa vinaonekana sawasawa. Ukizidi GB 8, data inapotea au inaandika juu ya ile ya zamani. Mtu anagundua miezi baadaye, anapofungua faili.

Usiamini kifungashio. Ijaze kadi yote kisha isome yote: kwenye Linux kwa f3write na f3read, kwenye Windows kwa H2testw. Inachukua muda mrefu, na ndio muda bora utakaotumia kwenye mradi. Fanya hivyo siku ile ile uliyonunua, risiti ikiwa mkononi. Ukiwa na laptopu yenye soketi ya ndani ya SD na Linux, soma pia faili za manfid na name chini ya /sys/block/mmcblk0/device. Kadi mbili zenye nembo moja na taarifa tofauti kabisa ni dalili ya kuchunguza. Kisoma kadi cha USB hakionyeshi hizo.

CompactFlash, Memory Stick na xD je?

CompactFlash ya mwaka 1994 ina pini 50 na inazungumza kama diski ya IDE ya kompyuta za zamani. Bado inakutwa kwenye mashine za viwandani, na inabadilishwa kwa adapta. Memory Stick ya Sony na xD za Olympus na Fujifilm zilikuwa hasa za kamera. Usianzishe mradi mpya kwa yoyote kati ya hizo.

Kuna kadi za kazi ngumu?

Zipo, huuzwa kama za viwandani. Chembe za flashi zinazohifadhi biti moja (SLC) zinahimili kufutwa mara 100,000 hivi. Za biti tatu (TLC), zilizo kwenye kadi nyingi za kawaida, zinahimili elfu chache tu. Kadi za viwandani hutumia SLC, au flashi ya kawaida inayoendeshwa kama SLC, na nyingi hupimwa kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85 juu. Bei yake ni kubwa. Kama kufika kwenye kifaa kunahitaji safari ya siku nzima, bei hiyo ni ndogo.

Lazima nitumie kadi?

Hapana. Kama hakuna binadamu atakayeichomoa kadi na kuipeleka kwenye kompyuta, chipu iliyolehemewa ni imara zaidi na inakula umeme kidogo. W25Q128, flashi ya SPI ya MB 16, ingebeba vipimo vya lile tangi kwa siku 290 hivi; inafutwa kwa vipande vya KB 4, kila kimoja mara 100,000. Kwa mipangilio na hesabu zinazobadilika kila sekunde, FRAM kama MB85RC256V ina KB 32 tu, lakini inaandika bila kusubiri na inahimili mara trilioni 1, kwa hiyo umeme ukikatika thamani ya mwisho iko pale pale. EEPROM (memori ndogo ya kudumu) iliyo ndani ya Uno, KB 1 na uandishi 100,000, iachie mipangilio inayobadilika mara chache.